Shajara ya mradi: bweni la wasichana, njia ya Matondoni, Lamu

Oktoba 2024, wiki ya kwanza

Kuta zimefika linta na kazi nimeisimamisha. Mafundi wamerudi majumbani, punda hawaleti mawe tena, na mwenyekiti wetu hajanipigia simu siku ya tatu leo. Naiandika sababu hapa ili atakayeshika ukatibu baada yangu asiitafute mitaani.

Mwezi uliopita bweni liliungua usiku kule Nyeri wakafa wavulana 21. Niliposikia nilichukua ramani yetu na futi ya fundi, nikaenda kiwanjani baada ya alasiri, nikapima. Ndani ya bweni letu ni mita 24 kwa 6. Ramani ina vitanda 30 vya ghorofa, watoto 60, mlango mmoja. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu, ule wa mwaka 2008, unataka baina ya kitanda na kitanda pasipungue mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Unataka mlango kila ncha na wa dharura katikati, upana usiopungua futi 5, yote ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kwa ramani tuliyokuwa nayo mtoto angepita kiubavu kwenda kitandani kwake, na giza likiingia na moshi, asingepita kabisa.

Nimepanga upya kwa kamba na vigingi kwenye sakafu. Kila upande vinaingia vitanda 10. Jumla 20, watoto 40.

Majina tuliyokwisha kuyaandika ni 60.

Oktoba, wiki ya tatu

Kikao kilianza baada ya isha kikaisha usiku wa manane. Mwenyekiti alifungua kwa swali ambalo nilikuwa nalo mimi mwenyewe kifuani: "Mwalimu, wale ishirini tutawaambia nini? Wazee wao wameshaambiwa ndiyo."

Kabla ya kulijibu tulikwama kwenye madirisha. Mama mmoja aliyekuja kutoka Siyu kwa ajili ya kikao hicho alisimama akasema hawezi kumlaza bintiye penye dirisha lisilo na chuma, mbali na macho yake. Hakuna aliyempuuza, maana hofu ile ni ya haki. Nilimweleza habari ya Bombolulu, hapa hapa Pwani, Machi 1998: wasichana 26 walikufa bwenini, madirisha yana vyuma, mlango umefungwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, mwizi naye? Ndipo tukakubaliana ukuta uzunguke kiwanja chote, awepo mlinzi wa usiku, matroni alale chumba kilichoungana na bweni, na madirisha yawe ya mbao yenye komeo la ndani ambalo hata mtoto wa gredi ya 1 analifikia. Ukuta haukuwa kwenye bajeti. Tutaona.

Tukarudi kwenye orodha, jina kwa jina, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ilinipasa kulijua mapema. Katika majina 60, majina 17 yalikuwa ya watoto wa mji huu huu wa Lamu. Langoni, Gardeni, Kashmir. Mtoto anatoka kwao, anakatiza vichochoro viwili, yuko shuleni. Wazazi wao waliandikisha kwa sababu bwenini kuna chakula mara tatu, kuna sare, kuna taa ya kusomea. Siwalaumu hata kidogo. Mama anayeuza mkate wa mofa alfajiri na bado hapati ada ya madaftari, akisikia kuna mahali mwanawe atashiba bure, atafanya nini?

Lakini mtoto huyo ana mama. Anachokosa ni chakula cha mchana, jozi ya viatu na karabai. Vitu hivyo vinabebeka hadi kwao. Afisa wa watoto alipotutembelea mwezi wa nane alitukumbusha kwamba mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 kuhusu malezi unataka mtoto alelewe kwenye familia, na taasisi iwe ya mwisho kufikiriwa. Wakati ule niliyasikia kama maneno ya ofisini. Usiku huu, karatasi ikiwa mkononi, niliyaelewa.

Tumeamua: hao 17 watakuwa wanafunzi wa kutwa. Watakula nasi asubuhi na mchana, watapewa sare na vitabu, jioni wanarudi kwa mama zao. Kitanda ni cha yule ambaye bahari, msitu au kufiwa ndiko kunakomzuia kusoma.

Bado walizidi watatu. Nitakwenda kwao mwenyewe.

Novemba

Nimekwenda. Mmoja amepata kukaa kwa shangazi yake Wiyoni, naye atasoma kutwa. Wawili wengine ni ndugu kutoka kambi ya wakata mikoko. Baba yao huondoka wiki tatu au nne kukata boriti, mama alifariki. Nilipofika walikuwa peke yao na jirani aliyekuwa akiwapikia. Mkubwa yuko gredi ya 4 na anasoma vizuri sana. Mdogo hajaandikishwa popote.

Hao wawili siwezi kuwaacha nje. Nimeomba wawili wengine, ambao kijiji chao kina shule kamili hadi gredi ya 6, wasubiri wamalize huko kwanza. Wazazi wao wamekubali, mmoja kwa moyo mzito.

Kazi imeanza tena. Mawe yanatoka Manda, Maweni, yanachongwa pale pale machimboni na kuvushwa kwa mashua, kisha punda. Tumekubaliana na wenye punda wasipakie zaidi ya uwezo, na mchana wa jua kali wapumzike. Mchanga tunauleta kutoka bara ingawa ni ghali. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyolinda maji matamu ya mji, na mradi wa kuwasomesha watoto hauwezi kujengwa kwa kuwaharibia watoto hao kisima chao.

Desemba

Pesa zimekwisha. Kazi imesimama, mara hii bila hiari yangu. Tumefunika magunia ya saruji kwa turubai.

Januari 2025

Wafadhili wametuma awamu ya pili. Waliuliza kwa nini idadi imeshuka kutoka 60 hadi 40 ilhali gharama imepanda. Niliwaandikia kurasa nne, na picha za kamba zangu na vigingi. Mmoja wao alijibu kwa maneno machache mazuri: tuendelee. Mwingine alitaka picha za watoto watakaolala humo, na habari za misiba yao, ili aonyeshe wenzake. Nilimjibu kwa heshima kwamba tutampelekea picha za jengo, na habari za mradi kila mwezi, ila uso wa mtoto na msiba wake havitoki hapa. Mtoto wa gredi ya 3 hawezi kutoa idhini ya jambo ambalo atakuja kulielewa akiwa mtu mzima. Bado hajajibu. Iwapo pesa zake hazitakuja, ukuta wa upande wa magharibi utachelewa.

Milango mitatu imewekwa. Seremala alitaka kuichonga nakshi kidogo juu, kama milango ya mji, kwa hiari yake bila malipo. Nikamruhusu kizingiti cha juu peke yake. Ni mizuri mno.

Februari

Mabishano ya paa yalichukua wiki nzima. Wazee wanapenda makuti, na wana hoja: chini ya makuti pana baridi, na mwenye kulala kwenye mabati mwezi wa tatu anajua anachokisema. Lakini makuti ni kuni zilizokaushwa juu ya vichwa vya watoto. Pia maji ya mvua yanayopita kwenye makuti yana rangi na harufu, na mimi nayataka maji hayo yote. Tumeezeka mabati. Kwa ajili ya joto fundi ameinua kuta na kuacha matundu ya kupitisha hewa chini ya paa pande zote mbili, na upande wa kusi ametoa baraza pana. Paa lote na baraza lake ni kama mita 26 kwa 9.

Machi, Ramadhani

Mafundi wanafanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa tano, kisha wanakwenda kupumzika na saumu zao. Polepole, lakini kila siku kuna jambo.

Tunachimba jabia, yaani tangi la ardhini la kuwekea maji ya mvua. Ina urefu wa mita 5, upana 4, kina 3, yaani lita 60,000 ikijaa. Watoto 40 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 800 kwa siku, kwa hiyo jabia iliyojaa ni siku 75. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 234. Zikinyesha milimita 100 na tukapoteza sehemu moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, tunapata karibu lita 18,700. Masika ya Lamu, hasa mwezi wa tano, huleta zaidi ya hizo mara kadhaa. Nimeyarudia mahesabu haya mara tatu na fundi mzee ameyarudia kichwani mwake bila karatasi akafika mahali pale pale.

Yeye ndiye aliyenifundisha mengine. Mvua ya kwanza usiiruhusu iingie, ioshe paa imwagike, ndipo ugeuze mlizamu, ule mfereji wa paa, uelekee ndani. Mfuniko uwe na wavu. Na ndani ya birika la kuogea utie samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na chini uwatilie bakuli, ili siku maji yakipungua wabaki na pa kukaa. "Mayi ya jabia," alisema, "yataka mtu wa kuyatunza, kama mwana." Bibi yangu alikuwa na birika la namna hiyo, na bakuli la udongo mweupe lenye maua ya samawati chini yake. Nilidhani ni pambo.

Aprili, wiki ya pili

Vitanda vimefika, magodoro na vyandarua pia. Mitungi ya kuzimia moto ni minne. Taa ni za sola, na nimekataza mshumaa na kibatari kabisa, hata kama sola itakatika.

Matroni amepatikana. Ni mwanamke wa Faza, amelea watoto wake sita na wawili wa dada yake. Katika mahojiano nilimuuliza atafanya nini mtoto akikojoa kitandani. Wenzake waliotangulia walizungumza juu ya kumzoesha na kumwadhibu kidogo. Yeye alisema: "Nitabadilisha shuka kabla wenzake hawajaamka." Sikuuliza swali jingine.

Aprili, siku mbili kabla ya kufungua

Mafundi na walimu tulifanya zoezi la moto usiku, sisi tukijifanya watoto. Taa zimezimwa. Mlango wa katikati, ule tulioupigania tangu Oktoba, haukufunguka. Nje yake palikuwa na rundo la mawe yaliyobaki kwenye ukuta. Mimi ndiye niliyesaini kwamba kiwanja kimesafishwa.

Mawe yameondolewa usiku ule ule. Tumepiga mstari wa chokaa nje ya kila mlango, nusu duara kubwa, na ndani ya mstari huo hakiwekwi kitu, hata ndoo, hata kwa dakika moja. Mlinzi anazunguka kila jioni na kuandika daftarini kwamba ameuona kila mlango ukifunguka. Kuuona, si kuulizia.

Sikulala usiku huo.

Mei, wiki ya kwanza

Wamekuja 38. Wawili watachelewa kwa sababu ya bahari.

Wametoka Kiwayu, Ndau, Kizingitini, Mkokoni, na wanne ni Waaweer wa vijiji vya msitu wa Boni. Tangu 2014 shule za huko, Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zimekuwa zikifungwa kwa sababu ya usalama, na wapo watoto waliopoteza miaka. Msichana mmoja ana miaka 13 na yuko gredi ya 4. Amekaa nyuma kabisa, magoti yamepita juu ya deski. Kesho deski lake litabadilishwa na la sekondari, kabla ya kitu kingine chochote.

Usiku wa kwanza matroni aliniita saa nne. Vitanda vya juu vyote vilikuwa vitupu. Watoto walikuwa wamejipanga chini, wawili wawili, watatu watatu, kwenye godoro moja. Hawajawahi kulala peke yao. Kwao mtu hulala na dada yake, na bibi yake, na kitoto cha shangazi. Utaratibu unasema mtoto mmoja, kitanda kimoja, na ni utaratibu mzuri. Tumewapanga upya: ndugu na wa kijiji kimoja wamekaa vitanda vinavyotazamana, wadogo wote chini, na matroni anakaa kwenye mkeka pale katikati na taa yake mpaka wa mwisho asinzie. Usiku wa tatu walikuwa wameanza kupanda juu wenyewe.

Mwalimu mmoja kijana aliniuliza iwapo mambo haya ya kulaza watoto hayakuletwa na wageni. Nilimkumbusha Riyadha, msikiti na chuo cha hapa Lamu. Habib Swaleh, mtu aliyetoka Ngazija, alikuwa akifundisha hapa wale ambao wengine hawakutaka kukaa nao darasani, na wanafunzi wakaja kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, wakalala hapa hapa na kula kwa watu wa mji. Mji huu unajua kumpokea mtoto wa mbali. Jioni watoto wetu wanakwenda chuoni kusoma Kurani pamoja na wa mtaani, na majirani wameshaanza kuwajua kwa majina.

Mei, wiki ya tatu

Mvua. Siku ya kwanza tulimwaga yote, na ilikuwa vigumu kutazama maji yale yakienda. Siku ya pili fundi aligeuza mlizamu. Watoto walikaa barazani kusikiliza yakianguka ndani ya jabia. Kufikia Ijumaa kijiti cha kupimia kilionyesha mita moja na sentimita 40.

Watoto wa kutwa wanakula vizuri. Kati ya wale 17, hakuna aliyekosa siku hata moja tangu muhula uanze. Yule mama wa mikate ya mofa anatuuzia mikate sasa, mara mbili kwa wiki, kwa bei ya haki.

Juni, kabla ya likizo fupi

Kuna waliopendekeza watoto wa mbali wasiende nyumbani likizo hii. Kusi inavuma, nauli ya mashua na mafuta ni ghali, siku zenyewe ni nne tu. Nilisema hapana, na kwa mara ya kwanza katika mradi huu nilisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti alinitazama, kisha akasema, "Basi tutafute nauli."

Sababu yangu ni hii. Mtoto anayekaa bwenini miezi mitatu bila kurudi kwao hurudi akiwa mgeni. Anasahau ni nani amejifungua, nani amekufa, mashua ya baba imetiwa kalafati lini. Mama naye huzoea nafasi iliyo tupu mkekani. Tumeweka fungu la nauli kwenye bajeti ya mwaka ujao, juu kabisa, kabla ya rangi ya kuta.

Juni, likizo

Nahodha alichagua siku za bamvua kwa sababu Mkanda, ule mkondo baina ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakiwa makubwa, na ndani ya Mkanda mikoko inakata upepo wa kusi. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, maji yamejaa. Kila mtoto na jaketi lake la kuelea, limefungwa na limekaguliwa na matroni mwenyewe. "Ami, tutafika saa ngapi?" waliuliza, kila baada ya dakika kumi, na nahodha akawajibu kila mara kwa upole ule ule.

Kizingitini wanawake walikuwa gatini. Sikuandika lolote pale.

Wale wanne wa Boni hawakufika vijijini kwao. Njia ya msituni haikuonekana salama. Jamaa zao walikuja hadi Hindi, mji wa bara hapa Lamu, kuwapokea na wakakaa huko pamoja siku zote nne. Haitoshi. Lakini walikuwa pamoja.

Julai, wiki ya kwanza

Kati ya 40 wamerudi 39. Asiyerudi ni yule mdogo wa kambi ya mikoko. Baba yake ameoa, na mama mpya alimwomba nahodha atufikishie ujumbe kwamba mdogo atabaki naye na ataandikishwa shule ya kijijini. Nilikwenda kuona. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta, amesukwa, anakula samaki wa kukaanga mlangoni. Mwalimu mkuu wa shule ile amenionyesha jina lake kwenye rejista. Dada yake mkubwa amechagua kurudi kwetu amalize gredi ya 5 na kuendelea, na kila likizo atakwenda kwao.

Nimelifuta jina la mdogo kwenye orodha ya bweni. Nimelihamisha kwenye orodha ya sare na vitabu.

Kamati imeuliza nani achukue kitanda. Kuna msichana wa Ndau aliyemaliza shule ya kwao, mmoja wa wale wawili walioambiwa wasubiri. Nitavuka Jumanne nikazungumze na wazazi wake.

Jabia ina mita mbili na sentimita 10. Mlizamu wa upande wa kaskazi umeachia misumari miwili. Fundi anakuja Jumatatu.